Mombasa kwa nusu siku: uliza kwanza mko wangapi

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Mwanza anayekwenda Mombasa kikazi. "Dada, nitakuwa na asubuhi moja tu, usiku nina treni ya kwenda Nairobi. Hizi ziara za nusu siku za watu wachache zina maana au ni kuchoma hela? Rafiki yangu anasema nizunguke mwenyewe." Nikaanza kumjibu mistari miwili. Dakika arobaini baadaye bado naandika, na chai imepoa. Basi jibu lako hili hapa, mdogo wangu, na ninyi mnaoniuliza hayohayo kila Desemba, someni humuhumu.

Zina maana. Nimeshakwenda mbili, zote Mombasa. Moja ilinitia uchungu ambao mpaka leo nikiugusa unauma. Ya pili, mwezi uliopita, ilinipa asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu, na nimekaa nikijiuliza kwa nini.

Nianze na ile mbaya. Ilikuwa 2018 na nilikuwa na Mama.

Mama alizaliwa Tanga, na baba yake, babu yangu, alikuwa baharia wa jahazi. Kusi ikivuma walipakia nazi Tanga wakapandisha nazo mpaka Mombasa. Kwa hiyo Mama alikua akisimuliwa Bandari ya Kale kama watoto wengine wanavyosimuliwa sungura na fisi: ngazi za mawe, wachukuzi wakiimba, harufu ya papa mkavu iliyomfuata babu mpaka nyumbani. Hakuwahi kufika. Maisha yake yote alikuwa na ombi moja tu la safari, aone pale baba yake alipokuwa akishusha nazi.

Na mimi, mtoto mwenye mshahara mpya na kiherehere, nikataka kumfanyia mambo ya kisasa. Ningeweza kumshika mkono tukapanda tuktuk mpaka Ngomeni, pale Fort Jesus, tukauliza njia. Hapana, nikamlipia ziara. Tangazo lilisema: kikundi kidogo, muda wa saa nne, vivutio vyote vya Mombasa. Hilo neno "vyote" lilitosha kunishtua, lakini nililipa kwa simu, elfu tisa za Kenya kwa watu wawili, bila kuuliza swali hata moja.

Safari ya basi kutoka Tanga siisimulii. Mpaka wa Horohoro ni Horohoro.

Asubuhi gari likaja. Kikundi kidogo kilikuwa watu kumi na wawili, magoti yakigusa viti vya mbele, na dereva ndiye huyohuyo kiongozi, anaendesha huku anahubiri. Kituo cha kwanza kikawa zile Pembe za Ndovu za barabara ya Moi. Ni za alumini, zimevuka barabara na kuchora herufi M, na kila mtu hupigwa picha pale huku magari yakimpigia honi. Mama alizitazama sana, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ndovu wake yuko wapi?"

Kutoka hapo tukapelekwa kutazama kivuko cha Likoni. Mtu anayetoka Tanga kwa basi huingilia Likoni. Jana yake tulikuwa tumevuka na kivuko hichohicho, bure, na mabegi kichwani. Leo tumelipia kukiangalia.

Kisha duka la vinyago. Dakika hamsini, nilizihesabu. Wenzetu walikuwa wakipatana bei ya twiga wa mbao. Mama alipewa kiti cha plastiki mlangoni akakaa, mkoba mapajani, viatu vimelingana, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Ngome ikapata dakika ishirini na tano. Tulipotoka dereva akatangaza kwamba muda umekwisha. Nikamuuliza, na Mji wa Kale je? Na bandari? Akanyoosha mkono dirishani: "Ndio ule pale. Ni vichochoro tu."

Mama hakulalamika. Alisema, "Si kitu, mwanangu. Maji nimeyaona."

Alifariki 2021. Kutoka lango la Ngome mpaka Bandari ya Kale ni mwendo wa dakika kumi, hata kwa magoti ya Mama.

Mnaniona mkali nikisema "uliza". Nilimlaumu yule dereva kwa miaka, lakini yeye aliuza alichokitangaza. Mimi ndiye niliyenunua "vyote" nikiwa na haja ya kimoja. Kisiwa cha Mombasa hakimalizwi kwa saa nne. Saa nne ni za mtaa mmoja, ukiwa na bahati. Sasa kabla sijatoa shilingi nauliza: mko wangapi? Tunatembea au tunapanda gari? Kuna duka njiani? Na nikishajibiwa nauliza tena mko wangapi, maana jibu hubadilika.

Idadi naishikia bango kwa sababu ya vichochoro vyenyewe. Mji wa Kale haukujengwa kwa misafara. Kuna mahali mkokoteni ukija mnabanana ukutani, pikipiki ikifuata mnaingia kwenye vibaraza vya watu. Mkiwa kumi na wawili mnakuwa foleni. Kiongozi anaeleza mlango uliochongwa maua, wewe wa mwisho umesimama mbele ya mlango mwingine kabisa, unatikisa kichwa. Watu sita ndio mwisho. Saba, mmoja hasikii, na kwa bahati yangu huyo ni mimi.

Mwezi uliopita tulikuwa watano. Mume na mke wa Nakuru, mwalimu wa Kisumu mwenye daftari, dada mmoja wa Lubumbashi anayeishi Brussels, ambaye Kiswahili chake kilitufurahisha na chetu kikamfurahisha zaidi, na mimi. Kiongozi ni mzee wa mtaani, miaka sabini hivi, kikoi, makubadhi, kofia iliyoshonwa kwa mkono. Tulikubaliana mapema: hakuna gari, hakuna duka, tunaanza saa moja na nusu.

Tulianza na mahamri kwa mbaazi za nazi, tumesimama, vidole vinang'aa mafuta. Huu ni ushauri pia: usikubali ziara ya asubuhi inayoanza saa tatu hotelini. Saa tatu Mombasa jua limeshakomaa, na mbaazi za maana zimekwisha.

Saa mbili tukaingia Ngomeni. Mwaka 2018 nilikuwa nimeiona kama ukuta mkubwa wenye mizinga. Safari hii mzee alitusimamisha ukutani kabla ya jambo lolote akasema, "Wekeni mikono." Ni matumbawe. Yanakwaruza, na ukisogeza jicho unaona vijitundu vya mdudu wa bahari aliyekufa kabla ya Mreno kuzaliwa. Ngome walijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, ramani ikachorwa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Haya yote yako kwenye vibao. Ambalo halikunikaa kichwani kwa kusoma vibao ni mazingiwa ya 1696 hadi 1698, Waomani wakiwa wamewazunguka Wareno humo ndani. Miezi thelathini na mitatu. Mzee alitupeleka ukingoni, akatuonyesha maji yaliyo chini, akasema meli ya Wareno iliyokuja kuwaokoa, Santo Antonio de Tanna, ilizama hapo chini 1697, wenzao wakiitazama kutoka hapa mliposimama. Wapiga mbizi wakaenda kuifukua miaka ya 1970, na baadhi ya vitu vyake vimo katika makumbusho mle ndani. Waomani walipoingia, Desemba 1698, njaa na maradhi vilikuwa vimeshafanya kazi ya panga.

Mwalimu wa Kisumu akauliza kuhusu gereza, maana Waingereza waliigeuza Ngome kuwa gereza kuanzia 1895 mpaka 1958. Mzee akacheka. "Neno lenyewe gereza ni la Mreno. Kwao ni kanisa, igreja. Sisi tukafungiwa humo, jina likabaki." Mwalimu aliandika mpaka kalamu ikakwama.

Hapo tulitumia saa nzima na nusu, na hakuna aliyetazama saa. Mtu mwingine angeona tumepoteza muda. Kwangu mimi hapo ndipo hela yangu ilipolipa.

Tukatoka kuelekea Ndia Kuu, na hapo nikajiaibisha. Nilikiona kibao, nikacheka kwa sauti. Mimi ni binti wa Tanga, nilipata A ya Kiswahili, na watu huniletea barua zao niwasahihishie. Nikasema, "Jamani, wamesahau kuandika njia vizuri."

Mzee akasimama. Hakukasirika, na bora angekasirika. "Ndia ni ndia, mwanangu. Nyinyi ndio mwasema njia."

Kimvita, lahaja ya Mombasa, bila shaka. Nti, mtele, ndia. Nilisoma lahaja darasani na nikafaulu, na bado mtaa wenye lugha yake nikausahihisha. Tena mkutano uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapohapo Mombasa, mwaka 1928. Mzee analijua hilo. "Walikuja kwetu, wakala kwetu, wakachagua cha Unguja," akasema, akaendelea kutembea. Dada wa Lubumbashi alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga asicheke.

Ndiyo maana, mdogo wangu, rafiki yako anayekwambia uzunguke mwenyewe hajakosea, lakini hajui anachokunyima. Miguu unayo. Ila peke yako ungepita chini ya kile kibao ukijiona msomi, kama mimi.

Na hapa niseme na wengi wetu. Tunaona aibu kulipia kuonyeshwa pwani yetu. Ziara tunawaachia Wazungu, sisi "tunapajua". Tunapajua nini? Nimeishi saa chache za basi kutoka Mombasa maisha yangu yote na nilikuwa sijui kwamba msikiti wa Mandhry, ule wenye mnara mweupe unaosinyaa kuelekea juu, ni wa 1570, umeitangulia Ngome kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu atalipia elfu nane chakula cha hotelini asikikumbuke, lakini mzee aliyeubeba mji kichwani anaombwa apunguze mpaka abaki na nauli. Tuache. Lipa bei mliyopatana, na ukiona amekuhudumia, ongeza.

Nimekuwa mhubiri. Turudi njiani.

Mbele ya Mandhry tulisimama nje tu. Wanawake, bebeni kanga hata kama hamna mpango wa kuingia popote, mabega yafunikwe. Ni mtaa wa watu wanaoishi. Ijumaa ziara iishe mapema kabla ya sala. Ramadhani nenda, lakini usitarajie mahamri wala kahawa mchana, na usitembee unakunywa maji mbele za watu. Picha za watu uliza kwanza. Akinamama waliokaa vibarazani hawakuwekwa pale kwa ajili ya simu yako.

Kahawa tulikunywa kwenye baraza moja, kahawa chungu kutoka dele la shaba, na kashata. Mwenye dele alikuwa akigonganisha vikombe kwa mkono mmoja, viwili viwili, mlio wake unasikika kabla hajakata kona. Tulikaa hapo karibu nusu saa bila mtu kueleza chochote. Mume wa Nakuru alianza kuuliza "sasa tunafuata wapi", mkewe akamkanyaga mguu.

Kisha bandari. Sikuwa nimewaambia wenzangu chochote, ila mzee nilimnong'oneza pale Ngomeni. Alinitenga kidogo na kundi akanionyesha ngazi na maji yake, yamejaa, rangi ya chai ya maziwa pembezoni. Jahazi moja lilikuwa limefungwa, vijana wanashusha magunia, hakuna aliyekuwa anaimba, redio ndiyo iliyokuwa inaimba. Akaniuliza babu yangu alikuwa na jahazi gani. Nikafungua mdomo nikagundua kwamba jina la jahazi sikuwahi kumuuliza Mama. Mzee akasema, "Yalikuwa mengi ya Tanga," basi, akaniacha nisimame.

Sasa kuhusu treni yako. Stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na barabara ya kwenda huko hujaa malori ya bandarini. Usidanganywe na umbali wa kwenye ramani. Kama treni ni ya saa nne usiku, saa kumi na mbili uwe umeshaanza kutoka, na ziara yako iwe imeisha saa sita mchana, ukaoge na ulale kidogo. Mkoba uache hotelini. Beba chenji ndogondogo za kahawa. Usimwambie mtu unataka kuona vyote. Na uliza mko wangapi.

Ukifika kwenye zile ngazi, muulize kwanza mlinzi kama inaruhusiwa, na akikubali, nipigie picha moja. Simu yangu ilizimika palepale. Chaji yote ilikuwa imeishia Ngomeni, nikipiga picha mizinga.