Mashine ya umeme kwa maumivu ya kongosho: vidonge umeviacha kwa nini?

Mkuu, rudi kwenye vidonge vya vimeng'enya, vile vinavyosaga chakula badala ya kongosho, leo, mlo wa usiku huu huu. Umeuliza ununue mashine ipi ya umeme ya kutuliza maumivu, ubandike wapi, dakika ngapi; hayo baadaye. Umeandika kwamba umeviacha wiki mbili sasa kwa sababu "umeme unaliamsha kongosho". Nimesoma mwili ukanisisimka, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi.

Naugua kongosho, ule ugonjwa sugu, huu mwaka wa saba. Maumivu yanaanzia chembe ya moyo yanatokea mgongoni, usiku nalala nimejikunja kama mtoto. Nilipouziwa mashine ya akupancha isiyo na sindano, ile ya vibandiko vinavyopitisha umeme kwenye ngozi, nilipata nafuu kweli, sitadanganya. Nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, hata tramadol, ile dawa kali ya maumivu, nikawa natumia mara chache. Hapo ndipo nilipoingizwa mjini. Muuzaji kavaa koti jeupe, hata unesi hajasomea, akaniambia umeme unaliamsha kongosho, vidonge vinalifanya lizembee, niviache.

Nikaviacha miezi minne. Miezi minne, ndugu yangu! Maumivu yametulia, mimi najiona nimepona, kumbe chakula kinapita tu. Choo kikawa cha mafuta, kinaelea, unamwaga maji mara tatu hakiondoki, harufu yake nyumba nzima. Nikashuka kutoka kilo 71 hadi 54. Nakula sahani mbili za wali na bado nakonda, majirani wakaanza kunong'ona yao. Nilipompigia yule bwana, akasema mwili "unatoa sumu". Kilo 17 ni sumu? Nyama ya mapaja yangu ndiyo sumu? Hadi leo nikilikumbuka lile koti nashikwa na hasira.

Daktari ndiye aliyenieleza nikaelewa. Umeme ule unagusa mishipa ya fahamu, unapunguza makali ya taarifa ya maumivu inayopanda kwenye ubongo. Hautengenezi kimeng'enya hata kimoja. Kongosho lililochakaa halimeng'enyi mafuta, na vitamini A, D, E na K zinapotea pamoja na mafuta hayo. Nilirudishiwa vidonge, na ilinichukua karibu mwaka mzima kurudi kilo 65. Sijavuka hapo.

Kwa hiyo mashine tumia, ila iwe juu ya matibabu, isiwe badala yake. Vidonge unameza na tonge la kwanza, vingine katikati ya mlo, kwa dozi aliyokuandikia daktari wako, usichukue yangu.

Vibandiko mimi naweka vidole vinne chini ya goti, upande wa nje wa ugoko, na vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo cha mkono, upande wa ndani wa mkono. Mwenye betri ya moyo asiiguse kabisa. Kama sukari imeshakutia ganzi miguuni usibandike huko, ngozi itaungua hujui. Na siku macho yakiwa manjano, au ukipata homa, au maumivu yakija kwa namna usiyoizoea, zima mashine uende hospitali, usiongeze moto kuyanyamazisha.

Lakini hivyo vidonge mkuu, bado unavyo ndani au ulishavitupa? Nijibu hapa hapa.