Kisu cha kukunja kikimkata Chipukizi, itazame springi kabla ya makali

SWALI: Mimi ni mwalimu na kiongozi wa Chipukizi, yaani maskauti watoto, hapa Nakuru. Kikosi chetu kina visu vya kukunja tulivyoachiwa na maskauti wa zamani. Vingine vimekaza hadi watoto wanavifungua kwa meno, vingine vimelegea. Muhula uliopita msichana wa miaka 12 alikuwa akitoboa tundu kwenye fimbo, kisu kikajifunga na kumkata kidole. Kiongozi mwenzangu anasema tuviache vikiwa butu visiumize mtu. Wazazi wengine wanataka viondolewe kabisa. Nivitengeneze vipi, na niwafundishe watoto nini kwanza kabla ya kambi ya Agosti?

JIBU: Mwalimu, pole, na umfikishie binti pole zangu. Kazi yangu ni kuwafundisha viongozi wa vikosi kazi za mikono za kambini, na karibu kila anayeniuliza kuhusu visu huuliza habari ya makali. Wewe umetaja kisu kilichojifunga, basi tuanzie hapo, kwa sababu kujifunga ndiko kunakokitofautisha kisu hiki na kile cha jikoni.

Kwa ulivyoeleza, visu vyenu havina kufuli, yaani kipande cha kuushikilia ubapa usijifunge. Ndani ya mpini, upande wa mgongo, kuna ukanda wa chuma ambao ndio springi. Ubapa ukifunguka wote, springi huukandamiza kwenye shina lake, na mkandamizo huo peke yake ndio unaouzuia usirudi. Unapokata kwa makali, mti unausukuma ubapa uelekee kufunguka zaidi, na kwa kuwa hauna pa kwenda, unatulia. Unapochoma kwa ncha mambo yanageuka. Mkono ukiyumba kidogo tu, mti unausukuma ubapa kutoka upande wa mgongo, springi inashindwa, makali yanarudi kwenye mpini. Na kwenye mpini ndiko vidole viliko.

Kwa hiyo kisu kile huenda hakikuwa na ubovu wowote. Kilipewa kazi isiyo yake. Liwe katazo la kwanza kikosini: kisu kisicho na kufuli hakitoboi, hakichokoi, hakibanduliwi nacho kifuniko cha kopo. Tundu litobolewe kwa keekee ndogo ya mkono au msharasi wenye mpini wake, kama wa fundi viatu.

Utashawishika kununua vyenye kufuli. Kwa Mwamba, maskauti wakubwa wa miaka 15 na kuendelea, sina neno. Kwa watoto wa miaka 11 au 12 mimi huvikwepa, kwa kuwa aina nyingi za kufuli zinamlazimu mtu aweke kidole gumba kwenye njia ya ubapa ndipo afunge, na mkono mdogo hauwahi kukitoa. Tena mtoto akishaambiwa kuna kufuli, anaanza kuchoma nacho. Kisu chepesi kisicho na kufuli, ubapa wa sentimita 6 hivi, kinamtosha.

Sasa vile vyenu vya zamani. Vilivyokaza, mara nyingi ni uchafu: utomvu, mchanga, makombo ya chakula yaliyokauka kwenye maungio. Vitie kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uvifungue na kuvifunga humohumo ndani ya maji, usugue mfereji wa mpini, ubapa unamolala, kwa mswaki wa zamani. Vifute, uviache wazi juani hadi ndani pakauke kabisa. Kisha dondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti, pale ubapa unapozungukia, ufungue na kufunga mara nyingi mpaka mafuta meusi yaache kutoka, halafu futa. Usitumie mafuta ya kupikia. Yanakaa siku chache yanageuka gundi, na vumbi la Nakuru unalijua. Kutu ya juujuu inatoka kwa waya wa kusugulia sufuria na mafuta kidogo, na kabla kisu hakijagusa nyanya, ubapa ufutwe na kuoshwa. Chuma kisichoshika kutu nacho hushika kikiwekwa kibichi, hasa kwa wenzetu walio karibu na bahari, ambako kisu kilichofungwa na maji ya chumvi ndani yake huharibika upesi.

Vilivyolegea vipime hivi: fungua ubapa kwa kushika mgongo wake, mpini ukiwa mezani. Kisu kizima kinashindana nawe mwanzo hadi mwisho, na kikifika mwisho kinagonga tak. Kisichogonga, au ambacho ubapa wake unachungulia ukikitikisa kikiwa kimefungwa, kiondoe. Fundi wa jua kali anaweza kukaza ribiti inayocheza upande kwa upande, lakini springi iliyochoka haifufuliwi kwa nyundo. Usimpe mtoto kisu cha namna hiyo hata kwa kufanyia mazoezi.

Na yale meno? Kama kisu kimeshaoshwa na kutiwa mafuta na bado kucha za mtoto haziwezi, basi springi hiyo ni kali kuliko mkono wake. Mpe kingine. Ubapa unaong'olewa kwa nguvu unaachia ghafla.

Kuhusu ushauri wa mwenzako, namwelewa, ila sikubaliani naye. Makali butu hayashiki mti, yanateleza juu ya gome. Mtoto anaongeza nguvu, na siku yakishika, nguvu yote ile inakwenda asikokuwa amepanga. Ngozi nayo ni laini kuliko mti: kisu kilichoshindwa na fimbo ya mwembe bado kinapasua kidole.

Noa mwenyewe kwa sasa. Nunua kinoo cha pande mbili kwenye duka la vifaa vya ujenzi, upande mmoja unaokwaruza na mwingine laini, ukilowanishe maji, ukiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Pembe ndiyo inayowashinda wengi. Simamisha ubapa wima juu ya kinoo, uulaze nusu, kisha nusu ya hiyo: hapo uko kwenye nyuzi 22 hivi, na kwa kisu cha mfukoni nyuzi 15 hadi 20 kila upande ndizo zinazofaa, basi ulaze kidogo tena. Ubapa wenye upana wa milimita 13 unakuwa umeinuka mgongoni milimita 4 au pungufu kidogo. Sukuma kana kwamba unamenya kinoo ngozi nyembamba, kutoka shina hadi ncha, bila kubadili pembe. Endelea upande mmoja mpaka upapase ule wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, uhisi chuma chembamba kilichojikunja ukingoni kote. Hapo ndipo unapogeuza, si kabla. Ukimaliza pande zote mbili hamia upande laini wa kinoo, mikwaruzo michache ya kupokezana, kisha buruta ubapa mgongo ukitangulia kwenye upande wa nyuma wa mshipi wa ngozi ili kile chuma kilichojikunja kiondoke. Jaribu kwenye karatasi ya daftari. Kidole si kipimo.

Wale wanaonoa kwa gurudumu la umeme au la baiskeli wanafaa kwa panga na jembe. Ubapa mdogo unapata moto upesi mno. Ukiona ncha imegeuka bluu, ugumu wa chuma umekwisha pale, na hautarudi kwa kunoa. Kwa sababu hiyohiyo kisu hakitiwi kwenye makaa kugeuzia nyama.

Nikija kwa mafunzo, mimi huanza kinyume na wengi. Kipindi cha kwanza hakuna kukata kabisa. Kila mtoto anaosha kisu, anakitia mafuta, anakifungua, anakifunga. Kufunga ndiko kunakohitaji muda: mpini unashikwa pande zake kwa ncha za vidole, mfereji ukitazama juu na bila kidole chochote kuuziba, kisha kiganja cha mkono wa pili kinausukuma mgongo wa ubapa polepole. Watoto hupenda kufunga kwa mkono mmoja dhidi ya paja, kwa mbwembwe. Likataze siku ileile. Binti aliyeumia naye aanzie hapa, kidole chake kikishapona, na asiharakishwe.

Kipindi cha pili ni sabuni ya kipande. Inakatika kwa urahisi, kwa hiyo mtoto anajifunza kwamba kisu kikali hakihitaji nguvu, na unaona mara moja nani anajikatia kuelekea mwilini. Kabla ya kufungua, kila mmoja anyooshe mkono ulioshika kisu kilichofungwa, azunguke mbele na pande zote; hilo ndilo duara lake. Akimgusa mtu, wamekaribiana mno. Wakae, viwiko vikiwa juu ya magoti na kazi ikifanyika mbele ya magoti. Hili ni la kusimamia kwa ukali, maana mtoto akichonga kati ya mapaja, upande wa ndani wa paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na jeraha la hapo si la plasta. Mtu akisemeshwa, ubapa unafungwa ndipo anajibu. Kisu hupokezwa kikiwa kimefungwa, na hakitembei kikiwa wazi hata hatua mbili. Wenye mkono wa kushoto wakalishe pembeni; duara lao linaangukia upande ambao wenzao hawautegemei.

Mti uje mwishoni. Chagua tawi bichi, laini na lisilo na vifundo: mwembe, mwarobaini, jakaranda. Zote tatu wachongaji wa vinyago wa Ukambani huzitumia. Usiwaache wakate chochote kinachotoa maziwa, na hasa mnyaa wa kwenye ua, kwa sababu utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kuleta upofu.

Weka karibu shashi, bendeji na maji safi. Mtoto akijikata, bonyeza jeraha moja kwa moja kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa, kisha osha. Hakuna parafini, majani ya chai wala dawa ya meno. Kidole kisichokunjika, kilichokufa ganzi, au jeraha linaloachama vyaende hospitali, na uulize habari za chanjo ya pepopunda.

Wazazi usishindane nao kwa barua. Waalike kwenye kile kipindi cha kwanza, wakae wasafishe visu pamoja na watoto. Visu vibaki kwako, vikiwa na namba za rangi kwenye mpini, ndani ya sanduku lenye kufuli, vihesabiwe kabla na baada, na mwalimu mkuu awe ameridhia kwa maandishi. Kama mzazi atakataa hata baada ya hapo, mheshimu. Mtoto wake awe mtunza sanduku, anayetoa visu kwa namba, kuvipokea, na mwenye mamlaka ya kusema "funga" akiona mtu ameingia kwenye duara la mwingine.