Borrow na lend: pitia kwenye kukopa, usipitie kwenye kuazima

Mkuu, umeuliza kwa nini mwalimu amemkata mwanao alama kwa kuandika "Please borrow me your pen". Nakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa hilohilo nimelifanya miaka mingi, tena kazini.

Nilikuwa natunza stoo ya kampuni ya kupandisha watalii Kilimanjaro, pale Moshi. Mpagazi asiye na koti zito tulimwazima, akishuka anarudisha. Daftari tuliandika kwa Kiingereza maana bosi hakujua Kiswahili. Siku moja nikaandika "We borrowed him two jackets", na jina la mpagazi pembeni. Bosi akaelewa kuwa ofisi ndiyo imechukua makoti ya yule kijana. Akamwita ili amrudishie. Kijana, mwaminifu kabisa, akasema makoti si yake, ni ya ofisi. Basi nikaonekana nina mchezo na vifaa. Nilijieleza mpaka jasho likanitoka, na kila nikijieleza narudia borrow ileile.

Tatizo liko kwenye kuazima kwetu. Neno hili linaenda pande zote mbili. "Nimeazima jembe kwa jirani", jembe limekuja kwangu. "Nimemwazima jirani jembe", limetoka kwangu. Kitenzi ni kilekile, ila hiyo "-mw-" ya katikati ndiyo inayoonyesha jembe limeelekea wapi. Kiingereza hakina kiungo cha namna hiyo, kwa hiyo kimeweka maneno mawili: anayepokea ni borrow, anayetoa ni lend. Mwanao amechukua "niazime" akaihamisha ilivyo.

Mimi nilipona nilipoanza kupitia kwenye kukopa na kukopesha. Hapo hakuna anayechanganya. Hujawahi kumsikia mtu anayetaka umpe pesa akisema "nikope elfu kumi", atasema "nikopeshe". Kwa hiyo kabla hajaandika, aweke kukopa kichwani, hata kama kinachoombwa ni kalamu. Nikope mimi: "May I borrow your pen?" Unikopeshe wewe: "Please lend me your pen." Zote sahihi, kalamu ni ileile, aliyebadilika ni mtendaji. Borrow hufuatwa na from, lend hufuatwa na to ukimtaja mtu mwishoni. Na jana ni lent, si lended.

Ila njia hii ina shimo moja. Ukikopa mkate dukani kwa Mangi ukalipa mwisho wa mwezi, hiyo si borrow. Ni kununua "on credit". Ukisema umeu-borrow mkate, Mwingereza atadhani una mpango wa kuurudisha. Sisi tunatenganisha vizuri: sufuria ya jirani unaazima kwa sababu itarudi ileile, sukari yake unakopa kwa sababu utarudisha nyingine. Kiingereza hakijali hilo, sufuria borrow, sukari borrow, pesa borrow. Kinachojali ni nani katoa na nani kapokea, basi.

Daftari langu nililichora upya: safu moja "lent to", nyingine "returned". Borrow sikuiandika tena mle, kwa sababu stoo ile ilikuwa inatoa tu, haikuwahi kuazima kitu kwa mpagazi.