Usiegeshe gari mlangoni kwake

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii ya kuwahudumia wanaopigwa majumbani, nilikwenda kumjulia hali mama mmoja Mbagala, Dar es Salaam. Wiki moja nyuma alikuwa amekuja ofisini kwetu, jicho limevimba, akasimulia yote kwa sauti ya chini huku akikunja na kukunjua pindo la kanga. Nilitaka aone kwamba hatujamsahau. Nikaenda na gari la shirika, lile lenye nembo na maandishi makubwa ubavuni ya kupinga ukatili, nikaliegesha mlangoni kwake. Tulizungumza kama nusu saa.

Niliporudi mara ya pili hakufungua mlango. Alisogea dirishani, pazia likiwa limeshushwa, akasema, "Dada, nakuomba usije tena. Jirani alimwambia baba watoto." Alilisogeza pazia kidogo ili anione ninavyoondoka, nikauona mkono wake umefungwa bandeji kuanzia kwenye kifundo.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu ya mkono ule. Mtafundishwa sheria, mtafundishwa kuandika ripoti, na yote hayo mtayahitaji. Lakini kazi ya kuifikia jamii, kwa sisi tunaohudumia wanaopigwa majumbani, inaanzia hapa: mama apate msaada bila mtaa kujua kwamba anautafuta.

Ukilishika hilo, mengi utayapanga upya. Fulana zenye maandishi zivaeni kwenye maandamano ya Siku 16 za Kupinga Ukatili, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, siku ambazo kila mtu amezivaa. Ukienda nyumbani kwa mtu, nenda kwa daladala, umevaa kama mgeni yeyote wa mtaani. Fomu ya mahudhurio isiwe na kichwa cha habari kinachotaja ukatili, maana karatasi hiyo itapita mikono mingi na majina na namba za simu zipo pale. Picha ndizo zitakazowapa taabu zaidi. Wafadhili huziomba, na meneja wako atakukumbusha. Piga picha ya viti, ya migongo, ya mikono inayosuka ukili. Uso wa mama aliyekuja kueleza kipigo usiuchukue hata akikubali, kwa sababu anakubali leo akiwa na wewe, na jioni anarudi kwake peke yake.

Mikutano ya hadhara ina kazi yake, ila usitegemee mtu asimame mbele ya mwenyekiti wa mtaa aseme mume wangu ananipiga. Kina mama wanazungumza mahali ambapo mume hana sababu ya kuwepo na hana sababu ya kuuliza. Kliniki ya watoto ni mahali hapo. Kikoba ni mahali hapo, na saluni, na foleni ya mashine ya kusaga. Mwombe muuguzi dakika kumi asubuhi, kabla upimaji haujaanza, uzungumze na benchi zima kuhusu afya ya mama, ukatili ukiwa jambo mojawapo. Asiyehusika atasikiliza tu. Anayehusika atakutafuta mwenyewe, pengine si siku hiyo.

Atakapokuja, usimwulize kama amefanyiwa ukatili. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake waliona mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja, kama vile kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Kwa hiyo huyo aliyekaa mbele yako anaweza kukujibu hapana kwa moyo safi, na mbavu zinamuuma. Mwulize, "Mkigombana nyumbani huwa inakuwaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ni sehemu ngumu, na mimi ilinichukua muda mrefu kuizoea.

Msimwambie mtu yeyote aondoke kwake leo. Najua damu itawachemka. Lakini siku mwanamke anapofungasha ndiyo siku ya hatari kuliko zote, na nyumba salama za kumpokea ni chache mno. Msaidieni kujiandaa: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kitambulisho, kadi ya kliniki na nauli viwekwe kwa mtu anayemwamini. Akirudi kwa mume baada ya ninyi kuhangaika miezi mitatu, mpokeeni vilevile atakapokuja tena. Anarudi kwa sababu ya kodi, ya ada, ya ndugu waliokula mahari. Wengi wanaamini pia kwamba wakiondoka hawana chao. Hapo mweleze habari ya Bi Hawa Mohamed, ambaye kesi yake ya mwaka 1983 ndiyo iliyofanya Mahakama ya Rufani ya Tanzania itamke kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Nimeona wanawake wakinyoosha mgongo kwenye kiti wanaposikia hilo.

Mambo mengine yajueni kwa kichwa, msiwe watu wa kufungua mafaili mbele ya mtu anayelia. Fomu ya PF3, ile ya polisi ya uchunguzi wa majeraha hospitalini, hutolewa bila malipo, daktari huijaza, na huko mbele ndiyo ushahidi. Aulizie Dawati la Jinsia na Watoto, asieleze shida yake kaunta mbele ya watu. Aliyebakwa afike hospitali mapema iwezekanavyo, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Na ukimpigia mama simu, swali la kwanza ni kama anaweza kuongea. Ujumbe wa maandishi usitume kabisa, isipokuwa mmekubaliana maneno. Na mama mmoja tulikubaliana nijifanye fundi cherehani. Nikiandika "gauni liko tayari" anajua kuna habari.

Kuhusu wanaume na wazee, nendeni bila kuwaogopa. Kijiweni kwa bodaboda nimetumia Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, kinachosema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Wengi wao hawakuwa wamezaliwa sheria hiyo ilipopitishwa, na hawajawahi kuisikia. Wanabisha, wanauliza, na katika kubisha huko wengine wanabaki nyuma kutaka kusema ya dada zao. Kungwi naye mtafuteni. Yeye ndiye anayemfundisha mwari kuficha siri ya ndani, na neno lake lina uzito ambao langu na lako halina. Kungwi mmoja wa Temeke alinisikiliza kutwa nzima, akaniambia, "Siri ya chumbani ni ya chumbani. Damu si siri." Siku hizi huwaambia wari wake hivyohivyo.

Jambo moja msikubali: kukalishwa mume na mke pamoja "kusuluhishwa" wakati kuna kipigo. Mama ataitikia kila kitu pale, na atalipia njiani wakirudi.

Yule mama wa dirishani sikumwona tena kwa muda mrefu. Kisha Jumatatu moja nilikuwa kwenye benchi la kliniki, nimemaliza kuzungumza, nikahisi mtu amekaa kando yangu, mtoto mgongoni. Hakunitazama. Alikuwa anaangalia mizani. Akasema, "Ile namba yenu, itaje taratibu. Siiandiki." Niliitaja mara tatu. Akairudia kwa midomo tu, akakosea tarakimu ya mwisho, nikamsahihisha, akairudia tena ikawa sawa. Muuguzi akaita jina la mtoto, akainuka.