Usukani wa umeme ukiwa mzito, pima batri kabla ya kununua kifaa

Taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, mafundi wengi wa Goma hukimbilia kushusha mti wa usukani (nguzo inayounganisha usukani na magurudumu) na kutafuta mwingine wa okazoni, yaani uliokwisha kutumika. Subiri kwanza. Usukani wa umeme unakula umeme mwingi, na batri iliyochoka inatosha kuuzima.

Ndani ya mti wa usukani mna kijiti cha chuma kinachojipinda kidogo unapozungusha. Sensa husoma kimejipinda kiasi gani na upande gani, kompyuta inaangalia pia mwendo wa gari, kisha inaiamuru mota isukume pamoja na mikono yako. Ukiegesha, msaada ni mkubwa. Ukikimbia barabara ya Sake, unapunguzwa ili gari isiyumbe. Kwa gari kama Vitz ya 2005 na kuendelea hakuna mafuta ya usukani, kwa hiyo usikubali kulipia kuyabadilisha. (Yapo magari yenye pampu ya mafuta inayozungushwa na mota ya umeme, hayo utayajua kwa kopo lake chini ya boneti.)

Gari ikiwa imesimama, mota inaweza kuvuta hata ampea 60. Ndiyo maana ugonjwa hujitokeza kwenye msongamano wa Birere, injini ikizunguka polepole huku taa na feni vikiwaka.

Chukua multimeta, kile kipimo cha umeme. Asubuhi kabla ya kuwasha, batri nzima huonyesha karibu volti 12.6; chini ya 12.2, ichaji kwanza. Washa injini: tafuta 13.8 hadi 14.5. Sasa mwenzako azungushe usukani, gari ikiwa palepale. Volti zikiporomoka chini ya 12, angalia alternata (inayochaji batri injini ikizunguka), mkanda wake na vichwa vya batri. Kisha weka ncha moja ya multimeta kwenye hasi ya batri na nyingine kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi, usukani ukiendelea kuzungushwa. Ukiona zaidi ya volti 0.3, waya wa hasi una kutu au umelegea: ufungue, usugue kwa msasa, ukaze. Fyuzi kubwa ya usukani ikiungua, usiweke kipande cha waya mahali pake. Hiyo fyuzi ndiyo inayozuia nyaya zisiwake moto.

Umeme ukiwa safi, ndipo usome kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari huzihifadhi. Mashine ndogo za bei rahisi za kusomea kodi mara nyingi husoma injini tu. Tafuta inayoingia mpaka kwenye usukani. Kwa Toyota, C1511 hadi C1514 zinaelekeza kwenye sensa ya mti.

Mawe ya lava yana adhabu yake. Gurudumu likibanwa na jiwe, dereva huzungusha usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo. Mota inapata joto, kompyuta inapunguza msaada ili isiungue. Acha gari isogee kidogo ndipo uzungushe, na angalia upepo wa matairi, maana tairi laini linaichosha mota.

Msaada ukikatika njiani, magurudumu bado yanakutii, kwa sababu mti wa chuma haujaachana nayo. Hatari ni uzito kurudi ghafla katikati ya kona. Shika kwa mikono miwili, punguza mwendo, egesha. Usizime ufunguo gari ikitembea: usukani unaweza kujifunga. Kuzima na kuwasha tena kunaweza kuifuta taa, lakini hakujatengeneza kitu. Na ukihisi usukani unavuta wenyewe upande mmoja au unatikisika mkononi, usiendeshe hata kilomita moja, gari ivutwe.

Ikibidi kununua mti wa okazoni, namba iliyoandikwa juu yake ilingane na ya zamani, na fundi asiugonge kwa nyundo, sensa iko ndani. Ukishafungwa, magurudumu yanyooke, mikono iondolewe kwenye usukani, mashine iisawazishe sensa kwenye sifuri. Toyota isiyosawazishwa hutoa C1515, na msaada wa kulia na wa kushoto unaweza usilingane.