Mlanguzi asikutie presha
Ndugu, unauliza umlipe mlanguzi mara tatu ya bei au usubiri hiyo konsoli ndogo ya michezo ya video irudi madukani. Subiri. NES Classic, konsoli ndogo ya Nintendo yenye michezo yao ya zamani, ilipotoka Novemba 2016, bei yake Marekani ilikuwa dola 60, ikaisha kufumba na kufumbua, na soko la mtandaoni la eBay likajaa watu wanaoiuza kwa mamia ya dola. Aprili 2017 Nintendo wakatangaza hawaitengenezi tena, walanguzi wakachekelea. Halafu? Juni 2018 ikarudi kwa bei ileile, aliyejaza maboksi chumbani hana tena cha kuringia. PlayStation Classic, konsoli ndogo ya Sony, ndiyo kichekesho kabisa: Desemba 2018 ilianza dola 100, haikuchukua muda ikashushwa bei kwa kukosa wanunuzi.

Na ujue unacholipia. Waya wa padi (kidude cha mkononi cha kuchezea) ya NES Classic haufiki hata mita moja, utacheza umekaa sakafuni pua inakaribia kugusa tivii (mimi mgongo uliniuma). Michezo ni 30, imeshapakiwa ndani, hakuna pa kuchomeka kaseti. Bandia nazo zimejaa, na picha ya tangazo haikuonyeshi tofauti.