Msiibomoe Roboti: Barua kwa Mwanangu Aliye Malindi

Lamu, Agosti 2025

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Video na karatasi za alama za FIRST LEGO League, yale mashindano ya wanafunzi ya roboti za LEGO, nimezipata. Umeniuliza kama timu yako ibomoe roboti ianze upya, au irekebishe hiihii. Msibomoe. Wateja wangu wa mashine za boti nao huja wakitaka mashine mpya, kumbe ni plagi.

Tazama alama zenu: 185, kisha 90, kisha 140. Roboti ileile, programu ileile. Ingekuwa imeundwa vibaya, ingekwama palepale kila raundi. Kwenye raundi ya pili yule kijana wa timu anayeiweka roboti mezani ameiweka kwa kukisia na jicho. Ikianza na upogo wa digrii 2 tu, ikishakwenda mita 2 imekosea njia kwa sentimita 7. Waunde kiegemezo cha vipande vya LEGO, roboti iegemezwe hapo kabla haijaondoka.

Programu nayo inasema "enda mbele sekunde 3". Betri ikilegea, sekunde 3 za asubuhi si za jioni. Wahesabu mizunguko: gurudumu lenu la milimita 56 likizunguka mara moja husogea kama sentimita 17.6, labda liteleze. Na mikono waizuie! Wameigusa roboti mara 4 nje ya eneo lao, na kila mguso hupokonya kimoja cha vile vijisahani vya alama; 6 vikabaki 2, alama 50 zikawa 15.

Wabadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, waiendeshe mara 10, waandike imefaulu mara ngapi. Wakibadilisha vitatu pamoja hawatajua kipi kimeponya.

Sasa lililonikera. Umeniandikia ukurasa mzima juu ya meza, yaani kazi roboti inazozifanya mezani, na juu ya chumba cha majaji mistari miwili. Meza ni robo tu ya hukumu. Robo tatu zilizobaki ni usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu na maadili ya timu. Msimu uliopita mada ilikuwa bahari. Bahari, na nyinyi watu wa Malindi! Wanafunzi wakapeleka picha za intaneti. Jaji akauliza wamezungumza na mvuvi gani, wakatazamana.

Mada ya msimu huu, UNEARTHED, ni akiolojia, elimu ya kuchimbua mambo ya kale, na magofu ya Gedi yako hapo karibu nanyi. Wapeleke mapema, kabla hawajachagua mradi. Wawaulize wanaoyatunza magofu kazi ipi inawasumbua, waunde kitu, wakirudishe kwao kikosolewe, kisha wakirekebishe. Yule binti mpole anayeandika daftari ndiye azungumze na majaji. Kwenye video yeye peke yake alijua kwa nini mkono ule wa roboti uliundwa vile.

Mikono ya roboti mtaibadilisha mtake msitake, maana kazi za mezani huwa mpya kila msimu. Kiwiliwili na magurudumu viacheni.

Nitumie matokeo ya majaribio 10 ya kwanza, hata yakiwa mabovu. Mamako anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Babako